Propela inapimwa na mzigo, siyo boti tupu

Vijana, nawapenda ila mnanichosha. Juzi tena dogo kafunga propela mpya kwenye Enduro 40, ile mashine ya boti ya Yamaha ya farasi 40, kaijaribu asubuhi bahari shwari, yeye na mwenzake tu, karudi anasema inakimbia balaa. Dogo, hiyo siyo safari ya kuvua!

1. Namba zilizogongwa kwenye propela: ya kwanza kipenyo, ya pili pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele ikizunguka mara moja, zote inchi. Pichi kubwa mbio, pichi ndogo nguvu. Sisi tunabeba barafu, nyavu, watu na madumu ya wese, tunataka nguvu kwanza.

2. Jaribuni na mzigo kamili. Boti ya faiba niliyokuwa baharia, tajiri mwenye boti alitoa pichi 10 akaweka 13 kwa sababu jirani yake anayo, na jirani anabeba watalii! Kwenda Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo cha mbali baharini, safi kabisa. Kurudi tumejaza jodari, kusi limekaza, resi imefunguliwa yote na mashine haipandi, inaunguruma kizito tu, boti imekalia mkia haitaki kunyanyuka, nahodha anasema vumilieni tutafika, wese linakwisha tunaliona, halafu ikanoki katikati ya mkondo. Maji ya kupoza yalikuwa yanatoka vizuri, oili ilichanganywa sawasawa. Mashine ikilemewa isifikie mizunguko yake, joto linapanda ndani ya silinda, basi. Tukalala majini, barafu ikayeyuka, jodari tukawatupa kwa mikono yetu wenyewe, asubuhi ndiyo jahazi likatuvuta. Fundi alipofungua, pistoni imeng'ang'ania kwenye silinda. Tajiri alikuwa anasomesha watoto kwa boti ile ile, na sisi mabaharia tukabaki ufukweni wenzetu wanavua. Ndiyo maana napiga kelele.

3. Nunueni takometa, kipimo cha mizunguko ya mashine, ile ndogo ya kuzungushia waya wa plagi. Resi yote, mzigo wote, tustroke nyingi za saizi hii, zile za kuchanganya oili na petroli, zinataka mizunguko 4500 mpaka 5500 kwa dakika, someni kitabu cha mashine yenu. Ikiwa chini punguza pichi, kila inchi unayopunguza inaongeza kama mizunguko 150 hadi 200.

4. Mashine inalia juu na boti haisogei? Labda imefungwa juu mno inavuta hewa, lile bati la juu ya propela lilingane na chini ya boti. Au raba ya ndani ya propela imeachia: piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, vuta resi, ukikuta mstari umekatika umepata jibu.

5. Penye matumbawe fungeni alumini. Inapinda yenyewe, gia zinapona.

6. Ukitoa propela angalia mshipi uliojisokota kwenye shafti, unakata sili na maji yanaingia kwenye gia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, kesho usitoke. Paka grisi, weka pini mpya, na ile propela ya zamani usiwauzie wa chuma chakavu, ikae botini pamoja na spana yake.