Barua kwa mwanangu: nguvu za sisimizi ziko shingoni

Mwanangu Neema,

Hapa Ipagala hatujambo. Uwele tumemaliza kupura, sasa ni upepo wa Dodoma tu na vumbi lake.

Uliniuliza kwenye simu sisimizi anatoa wapi nguvu za kubeba mzigo unaomzidi uzito, na mumeo akadakia kwamba ni kwa sababu ya udogo wake. Mwambie mkwe wangu amepata nusu, na nusu hiyo namsahihishia vizuri kabisa. Nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, lakini uzito hufuata ujazo wa mwili mzima. Mdudu akiongezeka mara 2 kila upande, nguvu zake zinapanda mara 4, uzito mara 8. Kwa hiyo kiumbe mdogo huwa na nguvu nyingi akilinganishwa na uzito wake. Sawa. Lakini mbona wadudu wadogo wako tele na wapagazi ni wachache?

Wiki iliyopita walikuwa wanatuibia punje uwanjani, nikachuchumaa kuwatazama. Sisimizi hajitwiki mgongoni. Anaibana punje kwa taya, anainua kichwa mpaka iachane na ardhi, kisha anakwenda nayo hivyo hivyo, imening'inia mbele yake njia nzima. Akifika kwenye kokoto anarudisha kichwa nyuma kidogo, anapanda. Uzito wote uko shingoni, na misuli ya shingo imeshikizwa ndani ya kifua. Kwa hiyo jibu lako litafutwe huko kifuani.

Kifua cha mdudu kina pingili tatu. Kwa wadudu hodari wa kuruka, misuli ya mbawa peke yake huchukua zaidi ya nusu ya nafasi ya kifua. Kwa nyigu na jamaa zake, ambao sisimizi ni wa ukoo wao, pingili ya pili ndiyo pana, na ile ya kwanza iliyopakana na shingo imebanwa. Mwaka 2014 Roberto Keller, Christian Peeters na Patrícia Beldade walilinganisha malkia na wafanyakazi wa aina nyingi za sisimizi. Kwa mfanyakazi, ambaye hana mbawa, mambo yamegeuka: pingili ya kwanza imetanuka, ya pili imesinyaa. Ni kama nyumba iliyoondolewa mashine ya kusaga. Wenyewe wakapata chumba.

Mwaka 2020 Peeters na Keller, pamoja na wenzao wa Paris na Okinawa, waliingia ndani zaidi kwa picha za eksirei zinazomwonyesha mdudu pande zote bila kumpasua. (Sisi walimu tulifundishia kwa panzi na wembe, na wembe wenyewe butu.) Kwa mfanyakazi misuli ya mbawa haipo. Nafasi yake imechukuliwa na misuli ya shingo, ya miguu na ya kuendesha tumbo, na hata mielekeo ya misuli hiyo imebadilika ili ivute kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mfanyakazi si malkia aliyepungukiwa mbawa. Mwili wake umeundwa upya kwa kazi ya ardhini.

Kilichonifurahisha zaidi ni malkia. Akishapandwa hukata mbawa zake na kutafuta pa kuanzia kichuguu. Malkia wa aina fulani hujifungia shimoni na hawatoki. Misuli ya mbawa, isiyo na kazi tena, huyeyuka mwilini na kuwa chakula cha kulelea watoto wa kwanza. Wengine hawana akiba ya kutosha, inabidi watoke kuwinda wenyewe. Na ukiwatazama kifuani unawatambua: wanaotoka kuwinda wana pingili ya kwanza pana, wanaojifungia yao ni nyembamba.

Mfanyakazi kukosa mbawa ni jambo la zamani sana. Mwaka 1967 wataalamu walieleza sisimizi aitwaye Sphecomyrma, aliyenaswa katika kaharabu huko New Jersey, Marekani, miaka kama milioni 90 iliyopita. Tayari alikuwa mfanyakazi asiye na mbawa.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, subiri mvua za kwanza, taa ya barazani itakuletea wenye mbawa. Usichanganye na kumbikumbi, maana hao ni mchwa, ndugu zao ni mende. Kumbikumbi hana kiuno, mbawa zake nne zina urefu mmoja, na papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zimenyooka. Sisimizi ana kiuno chembamba, papasi zimepinda kwenye kiwiko, na mbawa za mbele ndizo ndefu. Mweke chini ya lenzi pamoja na mfanyakazi wa aina yake, uangalie hapo nyuma tu ya kichwa.

Karanga za mkwe wangu nampa dereva wa basi Ijumaa. Mpokee stendi mapema, msimchoshe kusubiri.

Mama yako