Gego la Miaka Sita Haliotei Jingine

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba binti yake wa miaka 8 ana gego lililotoboka, na ndugu wanamshauri asihangaike kulitibu kwa kuwa "litang'oka na kuota jingine". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi utotoni, siku gego langu la chini lilipong'olewa, na hadi leo natafunia upande mmoja.

Wazazi wenzangu, hilo ni jino la kudumu. Huchomoza mtoto anapofikia umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, ndiyo maana wengi hulidhania kuwa la utoto. Juu yake pana mifereji myembamba inayoficha mabaki ya chakula, na kwa miezi mingi huwa fupi kuliko majirani zake, hivyo mswaki unaopita juu juu haulifikii. Mwanangu nilimpigia mswaki kwa mkono wangu hadi alipotimiza miaka 8, nikiuingiza kwa ubavuni, huku shangazi zake wakinicheka kwamba namdekeza. Hivi karibuni daktari wa meno amemkagua na kuyakuta magego yote manne mazima, na sijawasikia wakicheka tena.

Kuhusu sukari, wengi wetu huangalia kiasi tukasahau ni mara ngapi inaliwa. Bakteria wa kwenye utando wa meno huigeuza kuwa asidi inayomong'onyoa enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuizimua. Mtoto anayemumunya pipi moja moja kutwa nzima hayapi mate nafasi hiyo. Usiku mate hupungua, kwa hiyo baada ya mswaki wa kulalia asipewe chochote isipokuwa maji.

Msiwaachie watoto kazi hii. Wapige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, wateme povu bila kusukutua, nanyi mwafunue midomo penye mwanga: doa jeupe lililofifia karibu na ufizi bado linaweza kurudishiwa madini, lakini shimo halijifungi. Wala msingoje maumivu, kwani mara nyingi jino huanza kuuma wakati uozo umeshaikaribia neva.

Nawe dada uliyeniandikia, mpeleke binti wiki hii, na kabla ya kukubali gego ling'olewe, muulize daktari kama bado linaweza kuzibwa, na kama yale mengine matatu yanafaa kuzibwa mifereji yake mapema.