Kwa aliyeuliza 80% ya ufuasi wa dawa (yaani kumeza angalau 80% ya vidonge ulivyoandikiwa) ilitoka wapi
Hamilton, Kanada, miaka ya 1970. Brian Haynes na David Sackett wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwafuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha chuma wenye presha, vidonge vikahesabiwa majumbani mwao. Waliofika 80% ndio presha yao ilishuka vizuri. Basi hicho ni kipimo cha presha. Kukibandika kwenye ARV au dawa za kifafa ni uvivu.

Hesabu ya ufuasi: vidonge vilivyotolewa toa vilivyobaki, gawa kwa vilivyopaswa kumezwa. Vimetolewa 60, vimebaki 18, siku 28 kwa vidonge 2 kila siku: 42/56, yaani 75%. Inapoharibika: mgonjwa akijua utahesabu, anamwaga vya ziada kabla ya kliniki na asilimia inapanda bure; au masalio ya mwezi jana yamechanganywa humo, na asilimia inashuka bure. Hesabu nyumbani, ukiweza.

Na elimu peke yake? Jaribio lao la 1975 halikuona ufuasi ukiongezeka. Lililosaidia, 1976, ni mkusanyiko: kujipima presha nyumbani, kuandika vidonge walivyomeza, kuoanisha umezaji na mazoea ya kila siku, na kuonana na mfuatiliaji kila wiki 2.