Usifungue poti 3389: kwa anayetaka kuingia kompyuta ya ofisini akiwa nyumbani

Mkuu, umeuliza jinsi ya kuingia kompyuta ya ofisini ukiwa nyumbani. Usiiguse hiyo ruta. Fundi aliyekuambia "VPN ya nini, fungua poti 3389 uingie na Remote Desktop moja kwa moja" anakupeleka kubaya. Poti ni mlango wa mtandao, 3389 ni mlango wa Remote Desktop, programu ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na VPN ni njia iliyofungwa kwa siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Na kama keshaifungua, ifunge sasa hivi, kisha rudi uendelee kusoma.

Umeuliza mambo mengine mengi: ipi kati ya VPN za bure za simu ulizoorodhesha, bando litakwenda kiasi gani, printa ya ofisini itakubali ukiwa nyumbani au la. Yote hayo yasubiri, maana hilo la poti nimeliona linavyomaliza ofisi.

Ofisi yetu ni ya uhasibu, ndogo tu, wateja wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Ritani za VAT zinatakiwa tarehe 20, kwa hiyo katikati ya mwezi watu wanakesha, na bosi akataka tuweze kumalizia kazi nyumbani. Akaletwa fundi. Akaingia kwenye ruta, akaielekeza poti 3389 kwenye kompyuta yenye programu ya uhasibu, akatuandikia namba ya IP, yaani anwani ya ofisi kwenye intaneti, kwenye kikaratasi, akalipwa, akaenda zake. Ikafanya kazi papo hapo, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali.

Ambalo hakutuambia ni kwamba poti ile haikufunguliwa kwa wafanyakazi watatu, imefunguliwa kwa dunia nzima. Kuna programu zinazopita namba za IP moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikitafuta Remote Desktop inayoitika. Hazijui wewe ni nani wala hazijali ofisi yako ina watu wangapi. Kwa hiyo ule usemi wa "sisi wadogo, nani atatuhangaikia" ufutwe kabisa.

Jumatatu asubuhi tukakuta faili zote zimebadilishwa majina, mwishoni zimebandikwa herufi zisizoeleweka. Ankara, leja, mishahara, hakuna linalofunguka. Kwenye skrini kuna faili moja tu ya maandishi inayosomeka, inadai bitkoin. Tukakimbilia diski ya bakapu. Ilikuwa imeachwa imechomekwa kwenye mashine ileile, nayo imefungwa vilevile. Hatukulipa. Tulirudi kwenye mafaili ya karatasi, tukawapigia wateja kuwaomba risiti upya, na waliochelewa ritani kwa ajili yetu wengine hawakurudi tena.

Baadaye nikafungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, sehemu ya Security. Ukitaka kuamini ninachosema, fungua na wewe kwako. Namba 4625 ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa, nazo zilikuwa zimejaa ukurasa baada ya ukurasa, nyingine sekunde ileile: Administrator, admin, user, test, kisha Administrator tena. Halafu katikati, usiku wa manane, 4624 moja yenye Logon Type 10, yaani mtu ameingia kwa Remote Desktop na amefanikiwa. Akaunti aliyoingilia inaitwa scan. Fundi yuleyule ndiye aliyeitengeneza kwa ajili ya mashine ya kuskani, akaipa haki zote za msimamizi, na nywila ikawa scan123. Nilipompigia, akasema tubadilishe poti iwe 3390. Bado najiuliza amewafungulia wangapi mjini hapa. Hizo programu za upekuzi hukagua poti nyingi, si 3389 tu, na Remote Desktop inajulikana kwa namna inavyoitika hata ukiihamishia wapi.

Wala usiseme utaweka nywila ndefu. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Remote Desktop lililoitwa BlueKeep, ambalo mshambuliaji hakuhitaji nywila yoyote. Lilitisha kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokwisha kuachwa tangu 2014, ilipewa kiraka.

Kwa hiyo kinachotazama intaneti kiwe VPN peke yake, na Remote Desktop ibaki ndani yake. Weka WireGuard, programu ya VPN. Inatumia UDP, kwa kawaida poti 51820, na pakiti ya data isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi chochote, kwa hiyo mpekuzi anapita kama hakuna kitu. Kila mtu mpe ufunguo wake; kompyuta ikiibwa unafuta ule mmoja tu. Ruta ya MikroTik yenye mfumo wa RouterOS 7 inayo tayari. Fundi akikutajia PPTP, aina ya zamani ya VPN, mkatalie: usalama wake ulivunjwa hadharani 2012, na Apple waliiondoa kwenye iOS 10 mwaka 2016.

Hizo VPN za bure za kwenye simu ulizoorodhesha si unachotafuta. Zinakupeleka kwenye seva ya watu wengine huko nje, hazikufikishi ofisini kwako.

Angalia mambo mawili kabla hujaanza. Kama anwani za mtandao wa ndani, nyumbani na ofisini, kote ni 192.168.1.x, badilisha kumoja, iwe 192.168.57.x kwa mfano, la sivyo kompyuta itaitafuta mashine ya ofisini humohumo sebuleni. Pili, soma IP ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye ruta ya ofisi. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni ya intaneti imewachanganya wateja wengi kwenye IP moja, na hakuna muunganisho utakaoingia kutoka nje. Omba IP yako mwenyewe, au tumia huduma ya Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na inapita hapo.

Bando: kwenye AllowedIPs, orodha ya WireGuard ya anwani zinazopitia VPN, andika mtandao wa ofisi pekee, YouTube yako haitapita ofisini. Na kwa walioko Tanzania, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa kwao, kwa hiyo ofisi ishughulikie hilo mapema.

Diski ya bakapu ichomolewe kila ukimaliza kunakili. Sasa tuma hapa aina ya ruta yako na namba mbili za mwanzo za IP ya WAN, mbili za mwisho zifiche, nikuandikie mipangilio.