Uwanja usio na refa: kwa wanaoanza tenisi klabuni Malindi

Kila mwanachama mpya wa klabu yetu hapa Malindi hupewa karatasi ya sheria siku anapolipa kiingilio. Imeandikwa viatu gani vivaliwe, mgeni alipiwe vipi, ada ya mwaka ilipwe lini. Wengi huisoma mara moja wakaikunja wakaitia mfukoni. Mimi nimekaa katika kamati ya tenisi kwa miaka kadhaa, nikisikiliza malalamiko ya huyu na yule, na ninachoweza kusema ni kwamba ugomvi mwingi hautoki kwenye karatasi ile. Unatokana na jambo moja ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa: huku kwetu hakuna refa. Wewe ndiye mwamuzi wa upande wako wa wavu, na mwenzako amekuamini hivyo tangu alipokubali kucheza nawe.

Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umetoka au haukutoka. Ukigusa mstari hata kwa ukingo tu, ni mzuri. Usipouona sawasawa, ni mzuri pia. Wengi hudhani kwamba mtu asipoona anaweza kuomba pointi irudiwe. Hapana, shaka yoyote ni haki ya mpinzani. Na ukiita "auti", ita papo hapo na kwa sauti, kabla hujajua mpira uliourudisha umefika wapi. Wako watu wanaopiga mpira kwanza, wakishaona umenasa wavuni ndipo wanageuka na kusema ule wa kwanza ulikuwa umetoka. Waliokaa chini ya mti wa mvinje wanayaona hayo yote, na jina la mtu huharibika hapo hapo.

Ukiita auti kisha ukatambua kwamba mpira ulikuwa ndani, sema bila kusitasita. Taratibu za mechi zisizo na mwamuzi zimeliwazia hilo: kwenye uwanja mgumu, yaani usio wa udongo, mara ya kwanza pointi inarudiwa, isipokuwa kama mpira wenyewe ulikuwa wa ushindi usioweza kuufikia; ukikosea tena katika mechi hiyo hiyo, pointi inakwenda kwa mwenzako. Yako pia makosa ambayo wewe peke yako ndiye unayeyajua. Mpira umedunda mara mbili kabla hujaufikia. Raketi imegusa wavu. Mpira umepita ukakugusa shati. Uwanja una urefu wa mita 23.77, na aliye mwisho wa upande wa pili hawezi kuyaona hayo. Unajiitia mwenyewe, na pointi unaitoa.

Mkicheza dabo, yaani wawili kwa wawili, yeyote kati yenu wawili anaweza kuita, lakini mkitofautiana, mmoja akasema umetoka na mwingine akasema umo, basi umo. Msisimame kubishana ninyi kwa ninyi mbele ya wapinzani. Watazamaji nao hawana kauli. Hata kama binamu yako amekaa sambamba kabisa na mstari, usimgeukie kumuuliza.

Hapa kwetu kuna jambo la upepo. Kuanzia Aprili hadi kwenye Septemba au Oktoba ni Kusi, na katikati ya kipindi hicho unavuma hadi sauti ya mtu haivuki wavu. Kwa hiyo tumia mkono pamoja na mdomo: kidole cha shahada juu, mpira umetoka, kiganja kikielekea chini, mpira ni mzuri. Malindi ina Waitaliano wengi, na baadhi yao ni wachezaji wazuri wenye umri mkubwa waliojifunza mchezo huu utotoni. Mwitaliano atasema "fuori", wewe utasema "auti", lakini kwa kidole mtaelewana. Upepo huo huo ndio sababu ya kubadilishana pande kila baada ya gemu za hesabu isiyo shufwa: ya kwanza, ya tatu, ya tano. Usimwambie mwenzako "tuendelee tu hivi hivi" kwa kuwa wewe ndiye unayesukumwa na upepo.

Anayeanzisha mpira ndiye anayetaja hesabu, kila pointi, kwa sauti ya kusikika upande wa pili. Hili likifanywa, nusu ya mabishano yanakwisha. Mkishapotea, msiamue kwa kelele. Chukueni pointi mnazokubaliana nyote, mrudie ile tu mnayobishania. Mfano (kumbuka pointi ya kwanza huhesabiwa 15, ya pili 30, ya tatu 40): wewe unasema 40-30, yeye anasema 30-40, na mkifuatilia mnakuta kinachowatatiza ni pointi ya kwanza tu. Basi kila mmoja ana pointi mbili zisizo na ubishi. Hesabu ni 30-30, endeleeni.

Sasa nigusie jambo ambalo wageni wanaotoka bara huwashangaza, nalo ni heshima ya umri. Mtoto wa Kipwani amelelewa kutompinga mzee. Anaingia uwanjani na mtu wa rika la baba yake, mpira wa mzee unatoka kwa upana wa kiganja, kijana ananyamaza na kuurudisha. Mzee hajui kwamba ametolewa sadaka. Mimi siikubali adabu ya namna hii. Shikamoo ina mahali pake: unapofika, na tena mnapopeana mikono kwenye wavu. Kati ya hapo mpira uliotoka umetoka, awe ameupiga kadhi au mwanafunzi. Mzee anayecheza tenisi amekuja kucheza. Ukimpa pointi za bure umemwondolea kile alichokijia. Ninachowafundisha vijana wetu ni namna ya kusema. Niliwasikiliza wawili kwenye uwanja wa udongo juzi, na sijasikia vizuri zaidi ya hivyo:

"Ami, umetoka."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, ami. Karibu nikuonyeshe alama."

Mzee akavuka, akainama, akaona doa la mpira limeachana na mstari kwa upana wa kidole. "Haya, pointi yako." Wakaendelea.

Udongo una faida hiyo, unaweka ushahidi. Lakini alama ina masharti yake. Unaweza kuomba kuonyeshwa pale tu mpira ulipomaliza pointi, au ulipoacha kucheza hapo hapo. Huwezi kupiga mipira mitatu zaidi kisha urudi kutafuta alama ya zamani. Aliyeita auti ndiye anayeionyesha. Akiifuta kwa mguu kabla mwenzake hajaiona, basi amekubali kwamba mpira ulikuwa mzuri. Na alama isiyosomeka ni ya mpigaji.

Nije kwenye saa za kucheza, maana hapo ndipo kamati hupokea simu nyingi. Jua la Malindi halichezeki mchana. Watu huja alfajiri au baada ya sala ya alasiri, na kwa kuwa hatuna taa, adhana ya magharibi ndiyo inayofunga uwanja. Hivyo jioni nzima ni kama saa kumi hadi saa kumi na mbili na kitu. Piga hesabu: viwanja viwili, saa mbili, watu wakicheza mmoja kwa mmoja saa nzima kila zamu, ni wanachama wanane tu waliocheza. Wakicheza dabo ni kumi na sita. Ndiyo maana sheria yetu inasema watu wakiwa wanasubiri, waliomo wacheze dabo, na zamu isizidi saa moja. Si uonevu kwa wanaopenda kucheza wawili. Nao wana alfajiri nzima.

Ukiandika jina kwenye kitabu cha zamu, fika. Ukichelewa dakika kumi, uwanja ni wa aliyepo, na usimnunie. Ukijua huwezi kuja, piga simu mapema jina lifutwe. Kuna mtu alikuwa akijiandikisha wiki nzima kila Jumapili, halafu anakuja siku anayotaka. Tulimwita, tukazungumza naye kwa utaratibu, akaacha. Saa za zamu huhesabika tangu unapoingia, pamoja na kupasha mwili moto. Dakika tano zinatosha, na ni za kumpigia mwenzako mipira anayoweza kuirudisha, si za kumwonyesha jinsi unavyopiga kwa nguvu. Wakati wa Ramadhani ratiba hubadilika, wanaofunga hupendelea muda mfupi kabla ya futari. Asiyefunga awaachie zamu hiyo, naye hajapoteza kitu.

Mpira wa uwanja wa pili ukiingia kwenu, simamisheni mara moja, pointi irudiwe. Msiurudishe wenzenu wakiwa katikati ya pointi. Subirini imalizike, kisha mtupieni anayeanzisha. Vivyo hivyo usipite nyuma ya watu wakiwa wanacheza. Na simu izimwe sauti.

Mavazi sitayazungumza sana. Wengi wetu huvaa nyeupe kwa mazoea, lakini kinachotazamwa ni unadhifu. Dada anayecheza kwa hijabu na suruali ndefu hajavunja sheria yoyote ya tenisi, na anayemwangalia kwa jicho la kando ndiye aliyekosa adabu. Viatu ndivyo nisivyovisamehe. Viatu vya kukimbilia, vyenye kisigino kilichoinuka na meno makubwa, vinauchimba udongo, na soli nyeusi zinaacha michirizi kwenye uwanja mgumu.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu uwanja wa udongo naupenda na naona unavyoteswa. Ukimaliza zamu yako, kazi haijaisha. Kwanza ziba mashimo: pale ulipoteleza pameinuka udongo, usukume kwa mguu urudi mahali pake na uukanyage. Kisha vuta wavu wa kusawazishia. Usiuvute huku na huku ovyo. Anza ukingoni, zunguka uwanja ukisogea ndani kidogo kidogo hadi katikati, na uvute polepole ili udongo wa juu ubaki uwanjani, usirundikane kwenye ua. Mwisho chukua ufagio ufagie mistari. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili, na ifanyike ndani ya zamu yenu, si ndani ya zamu ya wanaofuata. Sindano za mvinje nazo ziondolewe kabla ya kucheza, maana mpira ukidunda juu yake unakwenda upande usioutarajia na mguu unateleza. Baada ya mvua za masika, ingia kwanza kwa hatua moja kando ya uwanja: kisigino kikiacha shimo, rudi nyumbani. Mechi moja kwenye udongo laini inaharibu kazi ya wiki.

Wavu pia. Katikati unatakiwa uwe na kimo cha sentimita 91.4, na kwenye nguzo sentimita 107. Huna haja ya kupima kwa futi: simamisha raketi moja wima, weka nyingine juu yake ikiwa imelala ubavu, utapata karibu kimo cha katikati. Chumvi ya bahari inakula waya na mkono wa kukazia, kwa hiyo wanaocheza mwisho walegeze waya kidogo kabla ya kuondoka.

Vijana wanaotuokotea mipira wana haki zao, na hapa sitaki kupunguza sauti. Patana naye kabla ya kuanza, mlipe yote siku hiyo hiyo, mwite kwa jina lake. Ukiwa na maji, naye ana kiu. Mtoto wa shule asiokote mpira saa za masomo, hata akisema amepewa ruhusa. Na muda viwanja vikiwa vitupu Jumamosi asubuhi, waachiwe nao wapige. Angella Okutoyi, Mkenya aliyeshinda dabo ya wasichana Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alilelewa na nyanya yake, hakutoka katika nyumba ya kitajiri. Uwanja uliofungwa kwa kufuli hautatoa mchezaji kama yeye.

Kuhusu wageni: karibu sana, lakini mwandike kitabuni, umlipie, na uwe naye mwenyewe uwanjani. Mgeni yule yule akija kila wiki, mshauri ajiunge.

Limebaki moja ambalo huulizwa sana: ufanye nini ukicheza na mtu anayeita vibaya kila mara? Muulize mara moja, kwa upole, "Una hakika?" Akisema ana hakika, kubali na uanze pointi inayofuata. Usimlipize kwa kuita vibaya na wewe. Maliza mechi, mpe mkono, kisha mweleze mkiwa wawili, mbali na watu. Hali ikiendelea, iandikie kamati barua yenye tarehe na yaliyotokea, bila matusi, na uisaini. Kamati haiwezi kuchukua hatua kwa manung'uniko ya mkahawani, lakini barua iliyosainiwa ni lazima isomwe kikaoni na mhusika aitwe ajieleze.