Fundi Anajibu: Pikipiki Isiyotaka Kuachana na Choki

SWALI: Ndugu Fundi, nina pikipiki ya zamani ya sisi 125 ambayo ilikaa chini ya turubai kwa miezi minane, petroli ikiwa ndani. Sasa inawaka nikivuta choki tu, na nikiirudisha choki inazima hapo hapo. Cha ajabu ni kwamba nikiizuia isizime kwa kuongeza mafuta, barabarani inakimbia vizuri hadi mwendo wa mwisho. Fundi niliyempelekea alizungusha skrubu mbili za ubavuni mwa kabureta bila mafanikio, kisha akaniambia kabureta imekufa ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa maelezo yako, kabureta hiyo haijafa, na wewe mwenyewe umekwisha kutaja mahali ugonjwa ulipo bila kujua. Umesema kwenye mwendo wa chini kuna shida na kwenye mwendo wa juu hakuna. Hiyo ndiyo habari ambayo fundi anapaswa kuiuliza kabla hajashika bisibisi, kwa sababu ndani ya kabureta moja kuna njia kadhaa za petroli zinazopokezana kazi kadiri unavyozungusha mkono wa mafuta. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, na mpaka mkono unapofunguka kama sehemu moja ya nane, petroli hupita zaidi kwenye jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba la kupimia petroli). Kuanzia robo hadi robo tatu, anayetawala ni sindano inayoning'inia katikati ya pistoni ya kabureta, na kutoka hapo hadi mwisho kazi ni ya jeti kubwa. Mipaka hiyo huingiliana kidogo, lakini inatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Choki nayo inatoa ushahidi wake. Kazi yake ni kuufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo injini inayotulia ikiwa na choki na kufa bila choki inalalamika kwamba inanyimwa petroli. Ukiunganisha mambo hayo mawili, mshukiwa wa kwanza ni jeti ndogo. Petroli inapokaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi hupotea hewani na kinachobaki huganda kama vanishi. Tundu la jeti hiyo, kwenye injini ya ukubwa huo, kwa kawaida halifiki hata nusu milimita, kwa hiyo huwa la kwanza kuziba, wakati jeti kubwa bado inapitisha petroli kama kwamba hakuna kilichotokea.

Funga koki ya petroli, kisha uweke chombo cha kioo chini ya kabureta na ulegeze skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, yaani kile kikombe cha chini ya kabureta kinachotunza petroli. Usiimwage petroli hiyo haraka. Iache itulie na uitazame: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, huzama na kukaa chini kama shanga zinazokimbizana ukitikisa chombo, na uchafu wa kutu kutoka kwenye tangi huonekana kama unga wa kahawia. Ukiona kimojawapo, safisha tangi na kichujio chake kwanza, la sivyo kazi yote utakayoifanya kwenye kabureta utairudia baada ya siku chache.

Ukishafungua bakuli utaona jeti mbili za shaba, na ile ndogo mara nyingi imezama ndani ya kishimo chake. Tumia bisibisi inayojaa barabara kwenye mfereji wa kichwa chake, kwani shaba ni laini na mfereji ukishameguka utakuwa umejiongezea tatizo jipya. Ielekeze jeti kwenye mwanga na uchungulie. Tundu safi ni duara kamili lenye kingo kali. Lililoziba kidogo hufanana na mwezi mchanga, na lililoziba kabisa ni giza tupu. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha uipulize kwa hewa ya kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipokuwa naanza kazi hii, nikafurahi kuona tundu limefunguka, kisha nikashinda siku mbili nikitafuta kwa nini pikipiki ya mteja inatoa moshi mweusi na kuharibu plagi; nilikuwa nimelipanua tundu bila kujua. Ikibidi kuchokonoa, chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme na uupitishe taratibu.

Jeti pekee haitoshi, maana njia inayotoka kwayo huendelea ndani ya mwili wa kabureta hadi kwenye vitundu vidogo karibu na pistoni au kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia kwenye kabureta za aina nyingine). Toa kwanza mipira yote, kwa kuwa dawa huivimbisha, vaa miwani, kisha pulizia dawa kwenye kishimo cha jeti na uhakikishe inatokea upande wa pili. Isipotokea, njia bado imeziba hata kama jeti inang'aa.

Sasa nije kwenye zile skrubu ambazo fundi wako alizizungusha. Moja huinua au kushusha pistoni na kazi yake ni sailensa tu. Nyingine hurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na hapa wengi hukosea. Ikiwa imekaa upande wa injini, kuilegeza huongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuilegeza huongeza hewa. Ikaze taratibu mpaka iguse mwisho bila kuibana, kisha uirudishe mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hicho ni kipimo cha kuanzia kwa pikipiki nyingi, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Injini ikishapata moto sawasawa, izungushe robo robo ukisikiliza mahali inapolia kwa kasi na utulivu zaidi, halafu urudishe sailensa chini kwa ile skrubu nyingine. Atakayezigusa siku nyingine ahesabu kwanza mizunguko hadi mwisho na kuiandika.

SWALI: Pikipiki yangu inamwaga petroli kupitia mpira mdogo ulio chini ya kabureta hata ikiwa imezimwa, na siku hizi oili yake inanuka petroli. Naweza kuendelea kuitumia huku nikitafuta kipuri?

JIBU: Hapana, usiitumie. Ndani ya bakuli kuna boya linalopanda na petroli. Likifika kimo chake husukuma kisindano kinachofunga mlango wa kuingizia petroli. Chembe moja ya uchafu ikikaa mlangoni, au ncha ya kisindano ikiwa imelika na kuacha alama ya duara, mlango haufungi tena na petroli huendelea kushuka kwa uzito wake mwenyewe. Ile inayomwagika chini ni hatari ya moto, lakini inayopita kwenye injini na kuchanganyika na oili ni mbaya zaidi kwa mashine, kwa kuwa oili iliyopungua uzito haivilindi tena vyuma vinavyosuguana. Funga koki leo hii, ubadilishe oili, na usiiwashe mpaka mlango huo utengenezwe.

Unapolitoa boya, litikise sikioni. Likisikika na kimiminiko ndani limetoboka na linazama badala ya kuelea. Likiwa zima, badilisha kisindano, kisha upime kimo cha boya kwa milimita kama kitabu kinavyoelekeza, kwani ulimi wake ukipinda kidogo tu kiwango cha petroli hubadilika kwenye njia zote kwa pamoja.

SWALI: Nimesafisha kabureta mara tatu, lakini nikienda mwendo mrefu kwa kama dakika ishirini injini inaanza kukohoa na kuzima. Nikisubiri kidogo inawaka kama kawaida. Nisafishe tena?

JIBU: Iache kabureta ipumzike. Siku itakapozima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mvumo na pikipiki ikawaka mara moja, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Petroli inashuka huku hewa ya kuziba pengo lake haipati pa kupita, hadi inafika mahali hakuna kinachoshuka tena. Ikiwa hakuna mvumo, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, ukinge chombo na ufungue koki. Petroli inapaswa kutiririka mfululizo, na ikidondoka kwa matone, tafuta kwenye koki na kichujio chake. (Koki za aina ya kuvutwa na hewa ya injini hazitoi kitu injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo iweke kwanza kwenye alama ya kupitisha moja kwa moja.) Vyote viwili vikiwa sawa, angalia cheche za plagi wakati huo huo injini ikiwa bado ya moto. Koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) iliyochoka huweza kufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kususa ikipata joto, na nimeona kabureta nyingi zikifunguliwa bure kwa kosa lake.

SWALI: Nikiachia mkono wa mafuta, injini inabaki ikilia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka. Ni skrubu ya sailensa?

JIBU: Kwanza hakikisha kebo ya mafuta haijabana, ukizungusha usukani kulia na kushoto injini ikiwa inanguruma. Kebo ikiwa huru, shuku mpira unaounganisha kabureta na injini. Kwenye pikipiki za zamani hukauka na kupasuka kwenye mikunjo ambayo jicho halifiki. Nyunyizia maji kidogo kuuzunguka, wala si petroli kama wengine wanavyofanya juu ya injini ya moto. Mlio ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, hapo ndipo hewa ya wizi inapoingilia, na skrubu ya sailensa uiache ilivyo mpaka uwe umeweka mpira mpya.