Jibu: Mashine ya 40 imejam, niweke ya 60?

Salaam mkuu. Umeuliza kama boti yako ya zamani ya faiba, ambayo mashine yake ya nguvu za farasi 40 imejam, itabeba ya 60. Kabla ya kuulizia bei, kagua ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaoshika mashine. Ugonge kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu, au matundu ya boliti yakichuruza maji, ndani pameoza. Yangu nje iling'aa, ndani uji mtupu! Nikabadili ubao kwanza.

Pima na urefu wa shafti, ule mguu wa mashine unaoshuka majini, inchi 15 au 20. Shafti fupi kwenye tezi ya juu, propela itavuta hewa tu. Mimi nimefunga mashine za stroku mbili pekee (pistoni husogea mara mbili kwa kila mlipuko). Stroku nne kwa kawaida ni nzito zaidi, nyuma ya boti itadidimia.